Patrick Manson

Sir Patrick Manson (Oldmeldrum, Uskoti, 3 Oktoba 1844 – London, Uingereza, 9 Aprili 1922) alikuwa daktari na mtafiti wa magonjwa ya nchi za joto. Anajulikana hasa kwa kugundua mwaka 1877 kwamba minyoo ya filaria, inayosababisha matende na mabusha, hukua ndani ya mwili wa mbu. Ugunduzi huo ulifungua njia ya kuelewa jinsi malaria inavyoenezwa. Mara nyingi huitwa baba wa tiba ya magonjwa ya tropiki.

Maisha ya awali

Manson alizaliwa karibu na Aberdeen. Akiwa kijana aliingia kujifunza kazi katika kiwanda cha chuma cha ndugu wa upande wa mama yake, lakini aliugua uti wa mgongo, ikambidi aache. Akageukia masomo ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Aberdeen, akahitimu mwaka 1865. Mwaka uliofuata alikwenda Taiwan kuwa daktari wa idara ya forodha ya China, na mwaka 1871 akahamia mji wa bandari wa Xiamen, ambao wageni waliuita Amoy.

Utafiti wa matende

Huko Xiamen alikutana na wagonjwa wengi wenye miguu iliyovimba na mabusha makubwa. Aliwapasua wengi kuondoa nyama iliyozidi, lakini chanzo cha ugonjwa hakikujulikana. Alipokuwa likizoni Uingereza, 1874–1875, alisoma kwamba Timothy Lewis, daktari aliyefanya kazi India, alikuwa ameona vijidudu vya filaria katika damu ya binadamu. Katika likizo hiyo hiyo alimwoa Henrietta Thurburn.

Aliporudi China alianza kupima damu kwa hadubini. Swali lake lilikuwa hili: wadogo wa minyoo hii hawawezi kukomaa katika mtu yule yule waliyezaliwa ndani yake, basi hutokaje kwenda kwa mtu mwingine? Alifikiri lazima kuwe na mdudu anyonyaye damu. Mwaka 1877 alimtumia mtunza bustani wake, Hin Lo, aliyekuwa na filaria nyingi katika damu. Hin Lo alilala katika chumba kilichoachwa wazi ili mbu waingie, kisha mlango ukafungwa. Asubuhi mbu walioshiba damu walikusanywa, wakapasuliwa siku baada ya siku. Manson aliona lava wakivua ganda lao, wakitoboa tumbo la mbu na kukua katika misuli ya kifua chake.

Baadaye alionyesha pia kwamba lava hao hujaa katika damu ya pembeni wakati wa usiku na kupungua sana mchana. Ndiyo sababu hadi leo, katika maeneo mengi, damu ya kupima filaria huchukuliwa usiku.

Kosa lake

Manson aliamini kwamba mbu hunyonya damu mara moja tu, hutaga mayai na kufa majini, na kwamba mtu huambukizwa kwa kunywa maji hayo. Hilo halikuwa kweli. Kwenye mwaka 1900 George Carmichael Low, akichunguza mbu waliotumwa na Thomas Bancroft kutoka Australia, aliona lava katika mdomo wa mbu. Hapo ikawa wazi kwamba maambukizi hupitia katika kuumwa.

Hong Kong na London

Mwaka 1883 Manson alihamia Hong Kong. Mwaka 1887 alishiriki kuanzisha chuo cha udaktari kwa Wachina. Mmoja wa wanafunzi wa kwanza alikuwa Sun Yat-sen, baadaye rais wa kwanza wa Jamhuri ya China. Sun alipozuiliwa katika ubalozi wa China mjini London mwaka 1896, Manson na James Cantlie walisaidia kumtoa.

Akiwa London, mwaka 1894 alitoa wazo kwamba malaria nayo hubebwa na mbu, akamwongoza kwa barua Ronald Ross aliyekuwa India. Ross alithibitisha mwaka 1897–1898. Mwaka 1900 mtoto wake Manson mwenyewe, aliyekuwa mwanafunzi wa udaktari, alikubali kuumwa na mbu wenye vimelea walioletwa kutoka Roma; aliugua malaria, akapona. Kijana huyo alifariki kwa ajali mwaka 1902.

Manson alikuwa mshauri wa tiba wa Wizara ya Makoloni kuanzia 1897, na mwaka 1899 alianzisha Shule ya Tiba ya Tropiki ya London. Madaktari wengi waliotumwa Afrika Mashariki enzi za ukoloni walipita hapo. Alistaafu mwaka 1912.

Urithi katika Afrika Mashariki

Jina lake limo katika Schistosoma mansoni, mnyoo wa kichocho cha matumbo, uliopewa jina hilo mwaka 1907. Ugonjwa huo bado unasumbua watu wa kando ya Ziwa Victoria, ikiwemo Magu, ambako watoto na wavuvi huambukizwa majini penye konokono. Mjini Mwanza kilianzishwa kituo cha utafiti wa filaria mwishoni mwa miaka ya 1940. Kazi zake ziliendelezwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu.

Matende hutokea kwa sababu minyoo wakubwa hukaa katika mishipa ya limfu na kuiharibu, maji ya mwili yakashindwa kurudi na mguu ukavimba. Dawa za kugawiwa kwa umma, zilizoanza kutolewa Tanzania mwaka 2000, huzuia maambukizi mapya, lakini haziponyi mguu ulioharibika. Mgonjwa hushauriwa kuuosha kwa sabuni kila siku, kutibu vidonda, kuuinua na kuufanyisha mazoezi. Penye uwezo hufungwa bandeji, husuguliwa taratibu, au huvalishwa mfuko wenye vyumba vinavyojazwa hewa kimoja baada ya kingine, kuanzia kwenye wayo, ili kuyasukuma maji juu. Mashine hiyo haifai mguu ukiwa na maambukizi makali au damu iliyoganda katika mshipa, wala kwa mtu mwenye moyo ulioshindwa kazi.

Hin Lo hakuacha maandishi yoyote. Ugunduzi uliompa Manson sifa ulitegemea damu yake, na kisa hicho bado hutajwa katika mijadala ya maadili ya utafiti.