Mtakatifu Anselm na Swali la Mpumbavu

Tarehe 21 Aprili Waanglikana wengi humkumbuka Anselm, Askofu Mkuu wa Canterbury, aliyefariki siku hiyo mwaka 1109. Yafaa tumjue zaidi ya jina lake katika kalenda.

Alizaliwa yapata mwaka 1033 huko Aosta, ambayo sasa imo Italia. Akiwa kijana alikosana na baba yake, akaondoka nyumbani. Hatimaye alifika katika nyumba ya watawa ya Bec, Ufaransa, akawa mtawa, kisha mwalimu. Mwaka 1078 akawa mkuu wa nyumba hiyo. Hakuamini kwamba vijana hufunzwa kwa fimbo.

Wakati huo aliandika kitabu kiitwacho Proslogion. Alitaka hoja moja tu ya kuonyesha kwamba Mungu yuko, akaitafuta hata akakosa usingizi na hamu ya chakula. Usiku mmoja, saa ya sala, ikamjia.

Hoja yenyewe ni hii. Mungu ni yule ambaye hatuwezi kuwaza aliye mkuu kuliko yeye. Hata mpumbavu wa Zaburi ya 14, akanaye Mungu moyoni, ayaelewa maneno hayo. Basi wazo limo akilini mwake. Lakini aliyepo kweli ni mkuu kuliko aliyemo mawazoni tu. Kama Mungu angekuwa wazo tu, tungeweza kuwaza aliye mkuu kuliko yeye, nalo haliwezekani. Kwa hiyo Mungu yuko.

Mtawa mwenziwe, Gaunilo, alipinga. Je, nikiwaza kisiwa kizuri kupita vyote, kitakuwapo baharini kwa sababu nimekiwaza? Anselm alijibu kwamba kisiwa chaweza kutokuwapo, bali hoja yake yamhusu Yeye pekee asiyeweza kutokuwapo. Kisha akaagiza pingamizi la Gaunilo linakiliwe pamoja na kitabu chake.

Mwaka 1093 alifanywa Askofu Mkuu, akaishi uhamishoni mara mbili kwa kutetea haki za Kanisa mbele ya wafalme.

Wataalamu wakubwa, kama Thomas Aquinas na Kant, waliikataa hoja hiyo; wengine huitetea hadi leo. Imani ya Anselm haikuitegemea. Aliamini kwanza, ndipo akatafuta kuelewa.

Wazazi wenzangu, vijana wetu warudipo kutoka vyuoni wakiuliza kama kweli Mungu yuko, tusiwakemee. Anayeuliza bado anatafuta. Anayenyamazishwa huondoka kimya kimya. Tuketi nao, tuwasikilize, tuwajibu kwa upole. Bwana atujalie subira hiyo. Amina.