Makhan Singh: Jamaa aliyepigania saa zako za kazi kabla hujazaliwa

Ni saa mbili na nusu usiku mjini Kitale. Duka limefungwa, milango ya chuma imeteremshwa, lakini wewe bado uko ndani unapanga bidhaa kwenye rafu. Mkataba wako unasema kazi ni kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Mdosi amesema msaidiane kidogo tu, mzigo umeingia. Kule Bungoma, rafiki yako mlinzi amekesha getini, na wa kumpokea asubuhi akichelewa, yeye hana ruhusa ya kuondoka. Mwisho wa mwezi kila mmoja anafungua hati yake ya mshahara. Wewe unaona neno ovataimu, na kando yake pesa ambazo hujui zimepigiwa hesabu vipi. Mwenzako haoni chochote.

Kabla hujaanza kulalamika kwenye grupu ya WhatsApp, hebu tulia nikusimulie habari za mtu mmoja. Jina lake ni Makhan Singh. Kama ulimsoma shuleni, labda alikuwa mstari mmoja tu kwenye orodha ya waliofungwa na mkoloni. Lakini ukitaka kuelewa hiyo ovataimu yako, maisha yake ni pa kuanzia.

Makhan alizaliwa Desemba 27, 1913 katika kijiji cha Gharjakh, eneo la Gujranwala, Punjab, ambako leo ni Pakistan. Baba yake, Sudh Singh, alikuja Kenya mwaka 1920 akafanya kazi ya useremala kwenye reli, na baadaye akafungua kiwanda cha kupiga chapa Nairobi. Mwaka 1927, Makhan akiwa na miaka 13, familia ikamfuata baba. Kijana akasoma shule ambayo leo unaijua kama Jamhuri High School. Alikuwa kichwa, lakini pesa za kuendelea na masomo hazikupatikana, basi akajiunga na baba yake pale kwenye mashine za kuchapisha.

Sasa fikiria Nairobi ya miaka ya thelathini. Uchumi wa dunia umeanguka, kazi ni haba. Fundi wa mbao, mwashi na makanika wanaingia asubuhi, na jioni wanatoka pale mwajiri atakaporidhika. Ukiuliza, kuna mwingine nje ya lango anangoja nafasi yako. Hali hiyo unaifahamu vizuri, si ndiyo?

Mafundi Wahindi walikuwa na chama chao kidogo, na Machi 1935 wakamchagua Makhan kuwa katibu. Alikuwa na miaka 21. Jambo la kwanza kubwa alilofanya ni kukifungua chama kwa wafanyakazi wa rangi zote, kikaitwa Labour Trade Union of Kenya. Leo hilo linaonekana la kawaida. Wakati ule, Mwafrika, Mhindi na Mzungu hawakukaa mtaa mmoja wala kulipwa mshahara mmoja, na serikali ilipenda ibaki hivyo hivyo. Makhan aliona kwamba mwajiri akiweza kumtumia fundi huyu kumtisha yule, wote wawili wataumia.

Kisha chama kikadai kitu kimoja rahisi kutamka: siku ya kazi iwe saa nane. Waajiri wakavutana nao, na mwaka 1937 mafundi wakaweka vifaa chini. Mgomo ule ulidumu siku 62. Miezi miwili bila mshahara, na kodi ya nyumba haingoji mtu. Walipomaliza, walikuwa wamepata nyongeza ya kati ya asilimia 15 na 22, saa nane zimekubaliwa, na waliogoma wamerudishwa kazini.

Hapa simama kidogo, kwa sababu ndipo hesabu yako ilipo. Mpaka siku ya kazi iwe na mwisho unaojulikana, hakuna kitu kinachoitwa saa za ziada. Ziada ya nini? Kama kazi inaisha mdosi akiridhika, basi hata saa tano usiku bado ni siku ya kawaida. Ovataimu huzaliwa pale mstari unapochorwa: hapa saa za kawaida zimeisha, kutoka hapa unanilipa zaidi. Makhan na wenzake walikaa siku 62 bila malipo ili mstari huo uchorwe.

Alilipa bei kubwa. Mwishoni mwa 1939 alisafiri kwenda India, na mwaka uliofuata Waingereza wakamkamata huko na kumfunga bila kesi. Aliporudi Kenya mwaka 1947, serikali ikajaribu kumfukuza nchini, ikashindwa. Mei 1, 1949, yaani siku ile ile tunayoiita Leba Dei, yeye na Fred Kubai wakaunda muungano wa vyama vya wafanyakazi wa Afrika Mashariki, Kubai akiwa rais na Makhan katibu mkuu. Serikali ikakataa kuusajili. Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, Nairobi, Makhan akasimama hadharani akadai uhuru kamili wa Afrika Mashariki. Wakati huo wengi walikuwa bado wanaomba viti vichache tu kwenye baraza la mkoloni.

Mei 15 yeye na Kubai wakakamatwa. Wafanyakazi wa Nairobi wakagoma siku kadhaa kuwatetea. Makhan alipelekwa mahakamani Nyeri, kisha akatupwa kaskazini kabisa. Wewe wa Kitale unaweza kulikadiria jambo hili kuliko msomaji wa Nairobi. Toka mjini, pita Kapenguria, teremka mlima, fika Lodwar, halafu endelea tena mbali kuelekea mpaka wa Ethiopia. Huko ndiko Lokitaung. Baadaye alihamishiwa Maralal, kisha Dol Dol. Aliachiliwa Oktoba 22, 1961. Miaka 11 na miezi mitano kizuizini, mkewe Satwant Kaur na watoto wao wakiwa mbali.

Uhuru ulipokuja, hakupewa cheo serikalini. Hakugeuka mtu wa kinyongo. Alikaa chini akaandika historia ya vyama vya wafanyakazi vya Kenya, na kitabu kikatoka mwaka 1969. Aliweza kukiandika kwa sababu alikuwa na tabia moja ambayo nataka uiibe: hakutupa karatasi. Barua, kumbukumbu za mikutano, vijikaratasi vya matangazo, vyote aliviweka. Leo hazina hiyo iko Chuo Kikuu cha Nairobi. Alifariki Mei 18, 1973, akiwa na miaka 59 tu.

Sasa turudi kwenye hati yako ya mshahara, na uchukue simu, fungua kikokotoo.

Amri ya jumla ya mishahara nchini Kenya inasema wiki ya kawaida isizidi saa 52, zigawanywe kwa siku sita. Kwa kazi ya usiku ni saa 60. Kila wiki lazima upate siku moja nzima ya kupumzika. Ukifanya zaidi ya saa za kawaida, kila saa ya ziada inalipwa mara moja na nusu ya saa ya kawaida. Ukifanya kazi siku yako ya mapumziko au sikukuu ya umma, ni mara mbili.

Lakini saa ya kawaida ni pesa ngapi, kama unalipwa kwa mwezi? Amri hiyo inasema isiwe chini ya mshahara wa msingi ukigawanywa kwa 225. Namba hiyo haikuanguka kutoka mbinguni. Saa 52 kwa wiki 52 za mwaka ni saa 2,704. Gawanya kwa miezi 12, unapata 225 na kidogo.

Tuseme mshahara wako wa msingi ni Sh18,000. Marupurupu ya nyumba usiyaingize hapo. Gawanya kwa 225: saa moja ni Sh80. Saa ya ziada siku ya kawaida ni Sh120. Saa ya sikukuu ni Sh160. Kama mwezi wa Mei ulifanya saa 10 za ziada jioni, hizo ni Sh1,200. Na kama Leba Dei ulifanya saa nane, ni Sh1,280. Jumla yako ni Sh2,480 juu ya mshahara.

Sasa tazama pesa zinapopotelea. Wapo wanaogawanya kwa 240, yaani siku 30 mara saa nane. Saa yako inashuka hadi Sh75, na ile jumla inakuwa Sh2,325. Utasema hiyo Sh155 ni ndogo. Sawa. Lakini wapo wanaolipa saa zote 18 kwa Sh80 ile ile, bila nusu wala mara mbili. Hapo unapata Sh1,440, na umepoteza Sh1,040 kwa mwezi mmoja. Ukifanya hivyo mwaka mzima ni Sh12,480. Hiyo ni pesa ya kodi.

Halafu kuna kitu ambacho wengi hawakioni. Hizo 52 na 225 ni sakafu. Mkataba wako unaweza kuwa juu yake, hauwezi kwenda chini. Tuseme duka lako la Kitale limeandika saa nane kwa siku sita, yaani 48 kwa wiki. Basi mwezi wako una saa 208, na Sh18,000 ukigawanya kwa 208 unapata zaidi ya Sh86 kwa saa. Ndiyo maana mkataba ukitaja saa 48, ni vizuri useme pia saa za ziada zinaanza baada ya 48 na mshahara unagawanywa kwa ngapi. Ukinyamaza hapo, mwajiri atachagua namba inayomfaa yeye.

Na cheki hii: saa nane kwa siku sita ni 48. Makhan na wenzake waliipata siku ya saa nane mwaka 1937. Amri yetu leo inaruhusu 52.

Kama eneo lako la kazi lina chama, kwa mfano kiwandani au kwenye kampuni ya miwa, uliza mkataba wa pamoja, ule watu wanauita CBA. Ukishasajiliwa mahakamani, masharti yake yanakuwa sehemu ya mkataba wako hata kama karatasi yako haiyataji. Mashamba, ujenzi na ulinzi pia vina amri zao za mishahara, kwa hivyo mlinzi wa Bungoma asitumie namba za muuza duka bila kuangalia zake.

Mwisho, ile tabia ya Makhan. Nunua daftari la shilingi hamsini. Kila siku andika tarehe, saa uliyoingia, saa uliyotoka, na nani aliyekuambia ubaki. Kesi nyingi za ovataimu huanguka mahakamani kwa sababu hiyo moja: mfanyakazi anadai miaka miwili ya saa za ziada, hakimu anamuuliza ni siku zipi na saa ngapi, na yeye hana jibu. Usikae sana pia. Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa miaka mitatu kufungua dai. Anza kwa afisa wa leba. Mambo yakikwama, Mahakama ya Ajira na Leba inaketi hapo hapo Bungoma, matatu moja kutoka Kitale ukipitia Webuye.

Leo usiku ukifika nyumbani, toa ule mkataba uliotia sahihi haraka haraka siku ya kwanza. Tafuta mstari unaosema kazi inaisha saa ngapi. Ukiupata, anza kuhesabu kutoka hapo. Usipoupata, kesho uliza, na jibu liandikwe.