Lev Vygotsky: Mtu aliyeipima kesho ya mtoto

Mtoto wa darasa la tatu ameshindwa hesabu. Dada yake anakaa karibu naye, anamwonyesha hatua ya kwanza, anamuuliza swali moja dogo, na mtoto anaimaliza mwenyewe. Je, tuseme mtoto huyo anajua, au hajui? Leo tunaangalia maisha ya Lev Vygotsky, mtaalamu wa saikolojia wa Umoja wa Kisovieti, ambaye jibu lake kwa swali hilo linafundishwa hadi leo katika vyuo vya ualimu.

Vygotsky alizaliwa Novemba 1896 katika mji wa Orsha, nchi ambayo sasa inaitwa Belarus, akakulia Gomel. Familia yake ilikuwa ya Kiyahudi, na katika Urusi ya wakati ule Wayahudi walitengewa nafasi chache tu vyuo vikuu. Mwaka 1913, ingawa alikuwa mwanafunzi hodari, kuingia kwake Chuo Kikuu cha Moscow kulitegemea bahati nasibu. Jina lake likatoka. Alianza na udaktari, kisha akahamia sheria.

Alipomaliza mwaka 1917 alirudi Gomel kufundisha fasihi na saikolojia. Huko ndiko alikoambukizwa kifua kikuu. Dawa ya kukitibu haikuwepo bado, na tangu hapo alijua kwamba siku zake zinahesabika.

Januari 1924 alisimama mbele ya mkutano wa wanasaikolojia mjini Petrograd. Kwao alikuwa mwalimu asiyejulikana kutoka mji wa mbali, lakini hotuba yake iliwashangaza, na mwaka huohuo akaitwa kufanya kazi Moscow. Alikuwa amebakiwa na miaka kumi ya kuishi.

Katika miaka hiyo alifanya kazi pia na watoto viziwi na vipofu. Aliona kwamba pigo kubwa kwa mtoto asiyeona si macho peke yake, bali ni kutengwa na wenzake. Mtoto hukua kwa kushirikiana na watu, na akikatiwa ushirika huo, akili yake hukosa chakula.

Wazo lake linalojulikana zaidi lilihusu mitihani. Alitoa mfano wa watoto wawili ambao kila mmoja, akiachwa peke yake, anaweza maswali ya umri wa miaka minane. Wakielekezwa kidogo, mmoja anafika maswali ya miaka tisa, na mwingine anafika ya miaka kumi na miwili. Mtihani wa kawaida unasema wako sawa, lakini Vygotsky alisema hapana. Nafasi iliyopo kati ya kile mtoto anachokiweza peke yake na kile anachokiweza akisaidiwa aliiita ukanda wa ukuaji wa karibu. Humo ndimo mafundisho yanamofaa. Ukimfundisha anachokijua tayari, unampotezea muda, na ukimfundisha kilicho mbali mno, hakishiki.

Alitofautiana pia na Jean Piaget wa Uswisi, aliyezaliwa mwaka huohuo wa 1896. Piaget alikuwa ameandika kwamba mtoto mdogo anayejisemesha wakati akicheza bado hajui kujiweka mahali pa mwingine, na kwamba maneno hayo hupotea anapokua. Vygotsky na wenzake waliwapa watoto kazi, kisha wakaitilia vikwazo, kama vile kukosekana kwa penseli waliyoihitaji. Kujisemesha kukaongezeka karibu mara mbili. Kwa hiyo, alieleza, mtoto hutumia maneno hayo kutafuta njia ya kutoka kwenye tatizo. Hayapotei, bali huingia ndani na kuwa fikra.

Mwaka 1934 ugonjwa ulimzidi. Aliharakisha kukamilisha kitabu chake kuhusu fikra na usemi, na sura ya mwisho aliitamka kwa mdomo huku mwingine akiandika. Alifariki Juni 11 akiwa na umri wa miaka 37, akaacha mjane na mabinti wawili. Kitabu kilitoka baada ya kifo chake.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1936, chama tawala kilipiga marufuku sayansi ya watoto aliyoshiriki kuijenga, na kazi zake zikafungiwa kwa miaka mingi. Wanafunzi wake walizihifadhi. Kitabu kile kilichapwa tena mwaka 1956, na mwaka 1962 kikatoka kwa Kiingereza. Piaget alipokisoma, alisikitika kwamba amekifahamu wakati mwenzake amekwisha kufariki na hawakuwahi kukutana. Alikubali kwamba katika jambo la mtoto kujisemesha, Vygotsky alikuwa ameona mengi ya kweli.

Turudi kwa yule mtoto wa darasa la tatu. Kwa Vygotsky, hesabu aliyoimaliza leo kwa msaada wa dada yake ndiyo atakayoiweza kesho peke yake. Dada naye, bila kujua, amefanya kazi ya mwalimu.