Cudjo Lewis: alinyimwa njia ya kurudi, akajenga kijiji Marekani

Kusini mwa Marekani, katika jimbo la Alabama, kuna muji wa bandari unaoitwa Mobile. Kando yake, upande wa kaskazini, iko kartie moja inayoitwa Africatown, maana yake muji wa Waafrika. Leo tunaeleza maisha ya mmoja wa wale walioianzisha.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Kossola. Alizaliwa karibu mwaka wa 1841, katika inchi ambayo leo ni Benin. Mwaka wa 1860, akiwa kijana wa miaka kama 19, askari wa mfalme wa Dahomey walivamia kijiji chao alfajiri. Wengi waliuawa. Waliobaki wazima walifungwa na kutembezwa mpaka Ouidah, pwani, wakafungiwa humo kungoja mnunuzi.

Mnunuzi alikuwa kapiteni William Foster, aliyekuja na masuwa Clotilda. Aliyemtuma ni Timothy Meaher, tajiri wa Mobile. Tangu mwaka wa 1808 sheria ya Marekani ilikataza kuingiza watumwa kutoka ng'ambo, lakini inasemekana Meaher aliweka dau na wenzake kwamba yeye ataweza. Foster alipakia watu 110. Wakavuka bahari kwa muda wa siku 45 hivi, na siku nyingi za kwanza walikuwa chini gizani, bila nguo. Walifika Mobile mwezi wa saba 1860. Usiku wakahamishiwa masuwa ya mtoni, na Foster akachoma Clotilda ili kupoteza alama. Meaher alishitakiwa, lakini hakupata adhabu yoyote.

Kossola, ambaye sasa aliitwa Cudjo, alifanya kazi ya bure kwenye masuwa za mtoni kwa miaka mitano. Mwezi wa ine 1865 askari wa Kaskazini wakawaambia kwamba hawana bwana tena.

Wazo la kwanza lilikuwa kurudi kwao. Wanaume walifanya kazi kwa dola moja kwa siku, akina mama wakauza mboga, lakini zile franga hazikutosha nauli ya masuwa. Basi wakamtuma Cudjo amuombe Meaher udongo kidogo, kwa sababu yeye njo aliwatoa kwao. Meaher akakataa kabisa. Hapo wakakaza mikanda, wakanunua viwanja pole pole, vingine kwa jamaa ya Meaher mwenyewe. Cudjo alinunua chake karibu mwaka wa 1872, kwa dola 100.

Walimchagua Gumpa kuwa chefu wao. Gumpa alikuwa mtu wa jamaa ya mfalme wa Dahomey, yaani wa wale waliowauza! Lakini waliona kwamba si yeye aliyewatenda mabaya. Naye aliuzwa kama wao. Waliweka waamuzi wawili wa kukata maneno, wakajenga kanisa na shule.

Cudjo alioa Abile, mwenzake wa masuwa ileile, wakazaa watoto sita. Kila mtoto alikuwa na jina la Kimarekani na jina la kwao. Lakini wote sita walikufa mbele ya baba yao; mmoja aliuawa kwa risasi na polisi. Mwaka wa 1902 treni ikagonga gari lake la farasi, akaumia. Alishitaki kampuni ya reli, tribinali ikampa haki kulipwa dola 650, kisha mahakama kuu ya Alabama ikafuta hukumu ile. Toka hapo akawa mlinzi wa kanisa.

Karibu mwaka wa 1927, mwandishi mweusi Zora Neale Hurston alianza kumtembelea na kuandika maneno yake. Alipotaka kumpiga picha, muzee alivaa suti yake nzuri, lakini akavua viatu, ili aonekane kama yuko kwao.

Alikufa mwaka wa 1935. Kitabu cha Hurston kilitoka mwaka wa 2018 tu. Mwaka uliofuata, wachunguzi walithibitisha kwamba mabaki yaliyopatikana katika mto wa Mobile ni ya Clotilda. Kwa miaka mingi wazao wa Africatown walikuwa wakieleza ile safari, na kuna watu waliosema ni hadithi tu. Sasa masuwa yenyewe imeonekana.