Mchongaji Mjerumani aliyeunda deraya ya chuma pasipo chuma

CHUMA kikiachwa karibu na bahari hakihitaji fundi wa kukizeesha. Wakazi wa Ramisi, Kwale, walilishuhudia hilo baada ya kiwanda cha sukari cha eneo hilo kusambaratika mwishoni mwa miaka ya 1980, mitambo ilipobaki ikiliwa na kutu katika hewa ya chumvi.

Kwenye studio za filamu mambo huwa kinyume. Chapeo na deraya zinazong'aa mbele ya kamera mara nyingi hazina chuma hata chembe, na kutu na masizi yake hupakwa kwa brashi. Miongoni mwa waliotangulia kuonyesha jinsi hila hiyo inavyoweza kumlaghai mtazamaji ni Walter Schulze-Mittendorff, mchongaji wa Kijerumani aliyezaliwa mwaka wa 1893 na kufariki dunia mwaka wa 1976.

Kazi yake inajulikana kote duniani kuliko sura yake. Hata tahajia ya jina lake imekuwa ikiyumba; baadhi ya maandishi humwita Schultze, mengine huidondosha herufi ya mwisho.

Katika miaka ya 1920, mwelekezi maarufu wa filamu Fritz Lang alimtegemea mchongaji huyu kwa sanamu na vinyago vya filamu zake. Mwaka wa 1925 Lang alianza kupiga filamu ya Metropolis katika studio za Babelsberg, nje kidogo ya Berlin. Kisa hicho, kilichoandikwa na mkewe Lang, Thea von Harbou, kilihusu jiji la siku zijazo ambamo matajiri wanaishi katika majumba marefu huku wafanyakazi wakitaabika chini ya ardhi. Mvumbuzi mmoja anaunda mtu wa chuma mwenye umbo la kike, ambaye baadaye anapewa sura ya binadamu ili awapotoshe wafanyakazi hao.

Kumbuni mtu huyo kwenye karatasi lilikuwa jambo jepesi. Ugumu ulikuwa kwamba vazi hilo lilipaswa kuvaliwa na mwigizaji Brigitte Helm, msichana aliyekuwa katika filamu yake ya kwanza, naye alipaswa kuinuka kitini na kutembea. Mabamba ya metali yaliyofuliwa kwa nyundo yangekuwa mazito mno kwake.

Suluhu ilipatikana kwa bahati. Schulze-Mittendorff alikutana na unga wa mbao uliochanganywa na gundi, bidhaa ya mafundi seremala ya kuzibia nyufa, ambao ulikuwa laini kama kinyunga cha unga kisha ukakauka haraka na kuwa mgumu kama ubao. Alianza kwa kuuchukua mwili mzima wa Helm kwa plasta, akiwa amesimama, ili apate sanamu yenye vipimo vyake halisi. Kisha alikata vipande vya kitambaa cha gunia na kuvipaka mchanganyiko ule kwa unene wa takriban milimita mbili, akiusawazisha kwa kifimbo cha jikoni, mfano wa kile cha kusukumia chapati.

Vipande hivyo alivilaza juu ya sanamu ya plasta, kama fundi viatu avutavyo ngozi juu ya kalibu. Vilipokauka alivikata kingo na kuvisugua hadi vikawa laini. Hatimaye alivipulizia vanishi iliyochanganywa na unga wa rangi ya fedha. Mbao zikawa chuma. Hata mtazamaji aliyeketi karibu kabisa na pazia la sinema hakuweza kutofautisha.

Hata hivyo, ustadi huo ulikuwa na gharama, na aliyeilipa si fundi. Kwa kuwa plasta ilichukuliwa Helm akiwa wima, deraya ilimkaa vyema aliposimama tu. Alipoketi kwenye kiti cha mvumbuzi, kingo zake zilimkwaruza na kumbana. Sehemu zilizomsumbua zaidi zilibidi zipunguzwe. Yeyote aliyewahi kufungwa plasta ya mkono uliovunjika anaweza kukisia hali ya kufungwa hivyo mwili mzima, chini ya taa kali za studio.

Metropolis ilionyeshwa mara ya kwanza Januari 1927 jijini Berlin. Haikurudisha fedha zilizotumika, na punde ikakatwa sehemu kubwa. Deraya yenyewe nayo ilitoweka. Katika tasnia hii hilo si la ajabu, kwani mavazi hutengenezwa yaishi siku za kazi tu.

Lang aliihama Ujerumani mwaka wa 1933. Schulze-Mittendorff alibaki, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia akawa mbunifu wa mavazi katika DEFA, shirika la filamu la Ujerumani Mashariki. Miongoni mwa kazi zake huko ni filamu ya mwaka wa 1953 ya Muck mdogo, kisa cha vilemba na majoho ya nchi za Kiarabu. Ni safari ndefu kutoka mtu wa chuma.

Lakini mtu huyo hakumwacha. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, akikaribia umri wa miaka 80, alimuunda upya kwa ajili ya hazina ya filamu ya Cinémathèque Française jijini Paris, iliyoongozwa na Henri Langlois. Wapo watakaouliza iwapo nakala iliyotoka kwenye mikono ile ile bado ni nakala.

Alifariki mwaka wa 1976, chini ya mwaka mmoja kabla ya Star Wars kuingia katika kumbi za sinema Mei 1977. Ndani yake alikuwamo C-3PO, roboti wa rangi ya dhahabu ambaye mchoraji Ralph McQuarrie alimsanifu kwa kufuata mfano wa yule wa Metropolis, naye Liz Moore akamchonga. Filamu hiyo ilileta pia mtindo wa vifaa vilivyochakaa. Tangu hapo maelfu ya wapenzi wa filamu hujiundia chapeo nyumbani. Hupaka rangi ya fedha chini, nyingine juu, kisha huikwangua kingoni hadi fedha ijitokeze mithili ya chuma kilichopigwa vitani. Rangi nyeusi iliyozimuliwa hupakwa na kufutwa, ibaki nyufani kama uchafu wa miaka.

Mwaka wa 2001 Metropolis iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia. Mwaka wa 2008 nakala yenye karibu sehemu zote zilizokatwa iligunduliwa Buenos Aires, na mwaka wa 2010 filamu iliyokarabatiwa ikaonyeshwa Berlin. Deraya ya 1925 haijapatikana. Wanaosimama mbele ya mtu wa chuma katika makumbusho ya Ulaya hutazama nakala.