Fleming aliionya dunia mapema kuhusu dozi nusu

Wiki hii nakuletea maisha ya Alexander Fleming, mgunduzi wa penisilini. Nimemchagua kwa sababu wengi wenu mko safarini, leo upande huu wa mpaka, kesho ule, na sindano zilizoanzwa katika zahanati moja mara nyingi hazimaliziwi katika nyingine.

Fleming alizaliwa mwaka 1881 shambani, karibu na mji wa Darvel huko Uskoti. Alikuwa karani wa kampuni ya meli jijini London hadi alipopata urithi mdogo wa ukoo, ndipo akasomea udaktari katika Hospitali ya St Mary's. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alipelekwa Ufaransa, akaona majeruhi wengi wakifa kwa vidonda vilivyooza.

Septemba 1928 alirudi kutoka likizo akakuta ukungu umeota kwenye kisahani alichofugia bakteria, na bakteria waliokuwa karibu nao wameyeyuka. Hata hivyo hakuweza kuitenga dawa hiyo ikawa safi. Kazi hiyo ngumu ilifanywa Oxford na Howard Florey, Ernst Chain na wenzao, ambao kwa maoni yangu wamesifiwa kidogo mno. Mwaka 1941 walimdunga askari polisi aliyekuwa mahututi. Akapata nafuu, lakini dawa ikaisha kabla hajapona, naye akafariki.

Tayari mwaka 1940 Chain na Edward Abraham walikuwa wameeleza kwamba baadhi ya bakteria hutoa kimeng'enya kinachoivunja penisilini. Yaani adui alikuwa na ngao hata kabla dawa haijafika madukani! Naye Fleming, alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945 pamoja na Florey na Chain, alionya kwamba mgonjwa anayetumia dozi pungufu huzoesha vijidudu dawa, kisha anaweza kumwambukiza mtu wa nyumbani kwake vijidudu hivyo sugu.

Alifariki London Machi 1955, akazikwa katika Kanisa Kuu la St Paul's. Hakuishi kuona dawa mbili zikiwekwa katika sindano moja. Chukua piperasilini na tazobaktamu. Piperasilini ni ya ukoo wa penisilini, na ndiyo inayobomoa ukuta wa bakteria. Tazobaktamu yenyewe haiui sana. Kazi yake ni kukizuia kile kimeng'enya ili mwenzake apite. Hutiwa kwenye mshipa hospitalini, kwa kawaida mara tatu au nne kwa siku, kwa hiyo si dawa ya kubeba mkobani.

Wala haishindi kila kitu. Vipo vimeng'enya ambavyo tazobaktamu haivizuii, na wapo bakteria waliobadilisha pale pale dawa inaponasa. Kwa hao, sindano hii hupita bure. Ndiyo maana daktari hupeleka damu, mkojo au usaha maabara, na ndiyo maana ukihamia hospitali ya ng'ambo ya mpaka, atataka kuona karatasi ya dawa ulizokwisha kudungwa, pamoja na tarehe zake.