Marehemu Mohamed Amin: mpiga picha aliyesomea barabarani

Huko Kitale na Bungoma, magharibi ya Kenya, mzazi aliyelima mahindi au miwa ili apate karo hutazamia mwanawe arudi na shahada ya ualimu, ya sheria au ya udaktari. Kijana akitamka kwamba ataka kusomea filamu chuo kikuu, nyumba huingia mzozo. Je, sinema ni elimu, au ni mchezo wa kumalizia fedha za watu? Nasi wa pwani swali hilo twalijua, tena huliongezea jingine: kazi yenyewe ina heri? Kabla ya kutoa hukumu, yafaa tuyaangalie maisha ya Mwislamu mmoja wa nchi hii ambaye kamera ilimfikisha pembe zote za dunia.

Mohamed Amin alizaliwa Eastleigh, Nairobi, mwaka 1943. Wazee wake walitoka Punjab, na baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli, reli ile ile ambayo njia yake kuu ya kwenda Uganda hupita Bungoma na ambayo tawi lake lilijengwa hadi Kitale. Alipokuwa mtoto jamaa yake ilihamia Dar es Salaam, na huko ndiko alikopata kamera yake ya kwanza, ya bei rahisi, kabla hajabaleghe. Chuo kikuu hakuingia. Wakati ule hapakuwa na chuo cha Afrika Mashariki ambacho kingemfundisha filamu kwa shahada. Aliyoyajua aliyapata kwa kupiga picha, kuziosha, kuona kosa lake na kurudia tena.

Mwaka 1963, akiwa kijana wa miaka 20, alifungua kampuni yake, Camerapix, mjini Dar es Salaam. Mwaka uliofuata alipiga picha za mapinduzi ya Zanzibar. Mwaka 1966 alikamatwa huko huko Zanzibar, akawekwa gerezani karibu mwezi mmoja, kisha akafukuzwa. Akahamishia kazi yake Nairobi. Tarehe 5 Julai 1969 Tom Mboya alipopigwa risasi katikati ya jiji, Mohamed Amin alifika upesi na kamera yake, na picha za msiba ule zikaonekana ng'ambo.

Wasomaji wetu watapenda kujua kwamba kamera hiyo hiyo ilikwenda Makka. Kitabu chake juu ya safari ya Hija, Pilgrimage to Mecca, kilitoka mwaka 1978, nacho kiliwaonyesha wengi wasiopata kufika jinsi mahujaji wanavyotekeleza nguzo hiyo ya dini. Kingine, Cradle of Mankind cha mwaka 1981, kilihusu Ziwa Turkana na watu wake, ziwa ambalo msafiri atokaye kusini hulifuata kwa barabara ya Kitale na Lodwar. Mwaka 1986 yeye na wenzake walitoa Railway Across the Equator, habari za reli iliyomlisha baba yake.

Lakini kazi iliyomkumbukisha duniani ni ile ya Korem, Ethiopia, Oktoba 1984. Watu walikuwa wakifa kwa njaa, na dunia haikushughulika. Mohamed Amin alikwenda pamoja na Michael Buerk wa BBC. Picha zilipoonyeshwa Uingereza tarehe 23 Oktoba, watu walilia mbele ya televisheni zao. Wanamuziki wakakusanyika, na Julai 1985 ikafanyika tamasha kubwa ya Live Aid, London na Philadelphia, kuchangia wenye njaa. Basi aulizaye heri ya kazi hii na awakumbuke wale waliopata chakula kwa sababu mtu mmoja alielekeza kamera mahali panapostahili.

Kazi hiyo ilimgharimu. Mwaka 1991 ghala la silaha lililipuka mjini Addis Ababa. Mwenzake wa kurekodi sauti, John Mathai, akafa, naye Mohamed Amin akapoteza mkono wa kushoto. Alitiwa mkono wa bandia, akarudi kazini. Tarehe 23 Novemba 1996 alikuwa ndani ya ndege ya Ethiopia iliyotekwa nyara. Mafuta yakaisha, ikaanguka baharini karibu na ufuo wa Ngazija. Katika watu 175 waliokuwamo, 125 walikufa, naye akiwa mmoja wao.

Baada ya kifo chake mwanawe, Salim, alianzisha Mohamed Amin Foundation mjini Nairobi, ambapo vijana wa Kiafrika walifundishwa kazi ya televisheni. Hilo lina maana yake. Jamaa ya mtu aliyejifunza bila ya mwalimu iliona kwamba vijana hawapaswi wote kupita njia ile ya taabu. Leo Chuo Kikuu cha Kenyatta hufundisha filamu na sanaa za jukwaani, na kijana wa Bungoma au wa Lamu aweza kusomea filamu huko kama mwenzake asomeavyo sheria.

Chuo chaweza kumpa mwanafunzi elimu ya mwanga, ya sauti, ya kukata na kuunga filamu, ya kuandika mkataba usiomdhulumu. Ukweli na subira atakwenda navyo kutoka nyumbani. Kwa hiyo mzazi asimfukuze kijana wake kwa neno sinema tu. Na amwulize: utafundishwa nini, utafanya kazi wapi, na picha zako zitamfaa nani? Kijana akiwa na majibu, karo yake haitakuwa imetupwa.

Mwenyezi Mungu amrehemu Mohamed Amin, na wote waliofikwa na ajali ile.